Gumba na Shahada

Februari 1952 Hugh Tracey alifika Jadotville, mji wa migodi tunaouita leo Likasi, kilomita 120 hivi kutoka Lubumbashi, ambayo enzi hizo iliitwa Elisabethville. Alikuwa katika mizunguko yake ya kurekodi muziki wa Waafrika. Mtaani akamkuta kijana anapiga gitaa: Mwenda wa Bayeke, mzaliwa wa Bunkeya, aliyejulikana zaidi kwa jina la Jean-Bosco. Alikuwa na miaka 22 hivi tu.

Huko ng'ambo zilikuwa zama za bebop, mtindo wa jazz. Mwaka uliofuata, tarehe 15 Mei, Bud Powell alipiga piano jukwaani Toronto, Charles Mingus akiwa kwenye besi na Max Roach kwenye ngoma. Kwenye kanda besi haikusikika vizuri, ikabidi Mingus aipige upya studio kabla ya santuri kutoka. Kwa hiyo ile tunayoiita rekodi ya jukwaani ina kiraka.

"Masanga", rekodi ambayo Tracey aliichukua kwa Mwenda, haina kiraka. Sikiliza mkono wake wa kulia. Kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene, hakiharakishi wala hakizubai. Cha shahada kinarukaruka juu ya nyuzi nyembamba, mara kinakwenda sambamba na gumba, mara kinaingia katikati ya mapigo yake. Asiyeambiwa ataapa kwamba wapigaji ni wawili. Na upande mmoja wa santuri za siku hizo ulibeba dakika tatu hivi. Hapakuwa na nafasi ya kupotea halafu ujirudi.

Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini ikaitoa, na wimbo huo ukavuka mipaka. Mwaka 1959 Mwenda alikaa Nairobi miezi sita, akiwa na kipindi chake redioni na kuitangaza dawa ya Aspro. Muziki wa kumaliza kichwa kuuma, basi! Mwaka 1961 na 1962 mtaalamu David Rycroft akachapisha makala mbili kueleza vidole vile vinafanya nini. Mwaka 1969 Mwenda akapiga kwenye tamasha la Newport, Marekani.

Mwaka 1990 mpiga gitaa wa Kimarekani, Elijah Wald, alifunga safari hadi Lubumbashi, akaketi mbele ya mzee Mwenda kujifunza. Mwaka huohuo Mwenda alifariki katika ajali ya barabarani.