Tundu la hedifoni na reli ya Kidatu

Kimya kingi, mitihani ilitubana. Leo nawaletea historia kidogo, ila siyo ile ya kukariri.

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Mikumi na simu mpya, ya kujibana kwenye bumu. Jioni babu akaniambia, "Mjukuu wangu, redio yangu imekwisha betri. Hebu nitegee taarifa ya habari ya saa mbili." Nikachukua hedifoni za waya, nikageuza simu juu chini. Hakuna tundu! Babu akacheka sana. "Simu ya bei yote hiyo, wakasahau kuitoboa?"

Hawakusahau wadau, walikusudia.

Tundu lenyewe ni la zamani. Ukoo wake ulianza karne ya 19 kwenye bodi za simu, mhudumu akichomeka pini kwa mkono ili kuunganisha watu wawili. Ile ilikuwa nene, milimita 6.35. Mdogo wake wa milimita 3.5 akaja na redio za transista, halafu Walkman ya Sony ya mwaka 1979 ikamsambaza dunia nzima. Kwenye simu mambo yalichelewa. Miaka ya 2000 kila kampuni ilikuwa na pini yake, na hata chaja za Nokia watu waliulizana, "pini nene au nyembamba?" Baadaye ndipo 3.5 ikawa ya wote.

Oppo waliliondoa tundu hilo mapema kwenye simu yao ya Finder mwaka 2012, ila aliyetingisha dunia ni Apple na iPhone 7, tarehe 7 Septemba 2016. Bosi wao wa masoko Phil Schiller alisema jukwaani kwamba huo ni ujasiri. Siku hiyo hiyo wakatangaza hedifoni zisizo na waya, dola 159. Jumlisha mwenyewe.

Sasa kwa nini nalalamika? Kwa sababu huku kwetu ule waya siyo wa muziki tu, ndiyo antena. Wimbi la FM lina urefu wa kama mita 3, na robo yake ni sentimita 75, karibu sawa na waya wa hedifoni. Simu nyingi zenye redio bila waya hazishiki kitu. Na redio haili bando. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulifurika, maelfu ya watu wa Kilosa wakalala kwenye mahema na reli ya kati ikakatika. Siku kama hizo, mnara wa simu ukizimika, redio ya mbali bado inaongea.

Tena sisi wa wilaya ya Kilosa tunaujua vizuri ugonjwa huu wa vitu kutoingiliana. Tawi la reli kutoka Kilosa kupitia Mikumi lilifika Kidatu mwaka 1965, upana milimita 1,000. TAZARA iliyojengwa miaka ya 1970 ikaja na 1,067. Tofauti ni milimita 67 tu, lakini behewa la kawaida halivuki! Mwaka 1998 ikabidi Kidatu pawe kituo cha kuhamishia mizigo, unashusha huku, unapakia kule. Na mwaka 2024 SGR imepita Kilosa na milimita zake 1,435.

Sisemi kipya ni kibaya, SGR yenyewe naipenda. Nasema kila kipimo kikibadilishwa kuna mtu analipa gharama ya kuhamisha mzigo, na mara nyingi siyo yule aliyekaa mezani kuamua. Safari hii alilipa babu.

Habari tulizisikia hata hivyo, kwenye kitochi cha jirani, waya unaning'inia, sikio moja langu na moja la babu. Simu ijayo naangalia tundu kwanza, kamera baadaye.

Haya, kipindi kinaanza. Tuonane wiki ijayo.