Karura Kukinyesha, Picha Inaongea

Wasee wengi hungoja jua ndio watoe kamera. Kwa msitu, hiyo ni hasara. Jua la saa sita hufanya majani yawe meupe upande mmoja na giza upande wa pili. Mawingu ndiyo hutandaza mwanga sawasawa. Mvua ikiongezeka, kila gome la mti linakolea rangi. Tumia filta ya polaraiza kupunguza mng'aro wa maji kwa majani, kinga lenzi na kofia yako, twende.

Lakini mimi napenda Karura ya mvua kwa sababu nyingine: hapo ndipo unaona nani alipanda nini. Kukiwa na ukungu, kuna sehemu miti inatokea kwa mistari, vigogo vyeupe, kama gwaride. Hiyo ni mikaratusi, na haikujiotea. Ni miti ya Australia iliyoletwa enzi za ukoloni na kupandwa sana Nairobi ili reli ipate kuni za injini za mvuke. Sogea kidogo upate miti ya kienyeji kama mihugu: imepindapinda, imevikwa mimea ya kutambaa, mstari hakuna. Jua kali huchanganya yote yawe kijani tu.

Halafu kuna picha za Karura ambazo hazina urembo wowote, na kwangu ndizo kubwa kuliko zote. Miaka ya 90, vipande vya msitu huu viligawiwa watu binafsi wajenge. Oktoba 1998, waandamanaji wakachoma mashine za ujenzi. Tarehe 8 Januari 1999, Wangari Maathai akaenda na wenzake kupanda miti, wakavamiwa na vijana wa kukodishwa. Alipigwa kichwani, damu ikamtoka. Kamera zilikuwepo, dunia ikaona. Agosti mwaka huo huo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Unadhani mwenye kamera siku hiyo alikuwa anatafuta mwanga mzuri?

Ndiyo maana mtu akipost Karura na kuandika "kama Ulaya", mimi huchemka. Ulaya gani, na ule udongo mwekundu umeukata wewe mwenyewe ukihariri? Acha matope kwa picha. Na ukifika kwa mapango, yale yanayokumbukwa kama maficho ya Mau Mau, ingia ndani upige ukiangalia nje, mvua ikiwa imeshuka mlangoni kama pazia.