Bakshishi, kutoka Zungomero mpaka melini

Jumamosi iliyopita nilikuwa Mzumbe kumwangalia mdogo wangu, ambaye anamaliza chuo mwaka huu. Tulikaa kwa mama ntilie mmoja pale Changarawe, chai na chapati mezani, Uluguru imejifunika mawingu kama kawaida yake, magari ya mboga yanashuka kutoka Mgeta yamejaa kabichi na karoti. Dogo akatoa karatasi mfukoni.

"Kaka, nisomee hii uniambie kama naingizwa mjini."

Ilikuwa ofa ya kazi. Kuhudumia vyumba kwenye meli ya kitalii, huko Karibi, miezi tisa. Mshahara ulioandikwa juu ulikuwa mzuri tu, wa kumfanya mtu aache kutafuta kazi Dodoma. Ila chini, kwa herufi za kutafuta kwa tochi, palikuwa na sentensi moja: kiasi hicho kinajumuisha bakshishi za abiria. Juu ya hapo wakala wa Dar alikuwa anataka hela ya "kufungua faili".

Mimi si mwanasheria. Nilisoma Mzumbe kabla ya kuingia kwenye uandishi, na nilichobaki nacho ni ugonjwa wa kusoma mambo ya zamani. Nilimwambia dogo anipe siku chache. Haya ndiyo niliyoyapata, nayaweka hapa kwa sababu najua si yeye peke yake mwenye karatasi kama ile mfukoni.

Nilianza kwa kumtafuta mshkaji mmoja tuliyesoma naye, aliyemaliza mikataba mitatu kwenye meli hizo. Anasema wakongwe aliowakuta walikuwa wakisimulia habari za usiku wa bahasha. Zamani usiku wa mwisho wa safari abiria alikuwa akigawa bahasha: moja ya aliyemtandikia kitanda, moja ya aliyemhudumia mezani, nyingine ya msaidizi wake. Ukipewa, unashukuru. Abiria akipitia mlango mwingine, umeliwa.

Kuanzia miaka ya 2000 hivi kampuni kubwa zikaanza kuhamishia bahasha kwenye kompyuta. Siku hizi kwenye kampuni kubwa za Marekani kila abiria anaongezewa kwenye bili yake kiasi cha dola 16 mpaka 20 na ushee kwa siku, na mara nyingi mtoto naye anahesabiwa. Mke na mume wakikaa wiki moja kwa dola 18, hiyo ni dola 252. Vinywaji navyo vina asilimia yake 18 au 20 juu ya bei. Hela za siku zinaingia kwenye chungu kimoja, halafu zinagawanywa kwa wa vyumba, wa meza, na kwenye kampuni nyingine mpaka wa nyuma ya pazia ambao abiria hawaoni kamwe.

Mpaka hapo unaweza kusema mambo yamenyooka. Lakini kuna mawili. La kwanza, kwenye kampuni nyingi abiria anaweza kwenda kaunta akasema punguza, au futa kabisa. La pili ndilo lile la herufi ndogo. Mikataba mingi inakuahidi jumla fulani kwa mwezi, na bakshishi inahesabiwa humo humo ndani. Chungu kikijaa, kampuni inaongezea kidogo. Chungu kikipungua, inaongezea zaidi ili ufike kwenye ile jumla. Sasa jiulize, yule bibi wa Florida akitoa dola zake kwa moyo mweupe, anamsaidia mtandika kitanda au mwenye meli?

Na meli yenyewe huenda imeandikishwa Panama au Bahamas, kwa hiyo sheria za mishahara za nchi ya abiria hazikuhusu.

Hapo ndipo nikakumbuka kisa kimoja ambacho kilipita upande wa pili wa milima ile ile tuliyokuwa tunaitazama na dogo.

Juni 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, waliondoka pwani karibu na Bagamoyo kutafuta maziwa makuu. Njia yao ilizunguka kusini mwa Uluguru, na kituo chao kikubwa cha kwanza kilikuwa Zungomero, kwenye bonde la mto Mgeta. Ndiyo, Mgeta huu huu ambao maji yake yanaanzia huku kwenye kabichi. Zungomero ilikuwa kama Chalinze ya wakati ule, misafara inayopanda na inayoshuka inakutana hapo, inatafuta chakula na watu wa kubeba, na homa inawapunguza.

Misafara hiyo ilikuwa na utaratibu wake wa malipo, na ulikuwa unaeleweka. Pagazi, mara nyingi Mnyamwezi, alibeba mzigo wa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu. Kwanza palikuwa na ujira wa kupatana kabla ya kuondoka, kwa nguo au riyali, na sehemu yake ilitolewa mbele. Pili palikuwa na posho, chakula cha kila siku au nguo ya kukinunulia. Neno hilo hilo ambalo leo linawafanya watu wasikose kusaini karatasi ya semina lilikuwa kibaba cha nafaka cha mtu mwenye mzigo kichwani. Hata hongo wakati huo ilikuwa ushuru wa kupita kwenye nchi ya mtu, hakuna aliyeipitisha chini ya meza. Na tatu, mwisho wa safari, bakshishi.

Neno lenyewe ni la Kiajemi, maana yake zawadi. Zawadi, si deni. Shida yote inaanzia hapo.

Msafara wa Burton ulikuwa na kiongozi Mwarabu, Said bin Salim, askari Wabaluchi kumi na watatu wa Sultani wa Zanzibar, wapagazi, na kundi lililoitwa wana wa Ramji, ambao walikuwa watumwa wa Mhindi mmoja wa forodha Zanzibar. Alikuwemo pia Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni na kurudi kutoka India akiwa mtu huru. Kabla ya kuondoka, konsuli wa Uingereza Zanzibar, Atkins Hamerton, aliwaahidi watu hawa kwamba wakifanya kazi vizuri watazawadiwa na serikali yake. Said bin Salim alidai kuwa ndani ya ahadi yake kulikuwa na saa ya dhahabu.

Hamerton akafariki Julai 1857, msafara ukiwa ndiyo kwanza umeondoka. Ahadi ikabaki hewani.

Safari ikawa ndefu kuliko mtu yeyote alivyofikiri. Walifika Kaze, ambayo ndiyo Tabora, Novemba 1857, wakaliona Ziwa Tanganyika Februari 1858, na walirudi pwani Konduchi Februari 1859. Konduchi hiyo hiyo mnayokwenda kuogelea sikukuu. Kama miezi ishirini. Machi wakawa Zanzibar, na watu wakasubiri chao.

Burton akakataa. Alisema walikuwa wakorofi, wengine walitoroka, mali ilipotea, walimtishia. Kwa wana wa Ramji alisema bwana wao alishalipwa. Ahadi ya Hamerton ilikuwa ya watu wenye tabia njema, na hawa hawakuwa nayo. Tarehe 22 Machi 1859 akapanda meli, akaondoka zake.

Tuwe wakweli, Burton hakuwa anatunga yote. Watu walitoroka kweli, mizigo ilipotea kweli. Ukitembea miezi ishirini na homa, na bosi anayekuona mnyama, na wewe utakuwa na siku zako mbaya. Lakini swali langu si kama walikuwa malaika. Swali ni nani alipaswa kuamua. Mtu aliyetakiwa kulipa ndiye aliyekuwa mshitaki, ndiye hakimu, na ndiye aliyeshika mfuko. Kila shilingi aliyowahukumu ilibaki kwake.

Bahati yao ni kwamba konsuli mpya, Christopher Rigby, aliyasikiliza malalamiko akaandika Bombay, ambako mambo ya Zanzibar yalikuwa yakisimamiwa. Speke, ambaye tayari alikuwa amekosana na mwenzake, akaunga mkono. Serikali ya Bombay ikaona walipwe. Januari 1860 ofisi ya mambo ya India mjini London ikamwandikia Burton barua ya karipio kwa kutoyafikisha madai yale serikalini kabla ya kuondoka. Burton alikasirika mpaka akazichapa barua zote mwishoni mwa kitabu chake cha mwaka huo huo wa 1860, akidhani zinamsafisha. Tumshukuru, maana bila hasira zake tusingejua kama watu wale waliwahi kudai.

Ila angalieni kilichowaokoa. Si mkataba. Ni ugomvi wa wazungu wawili na konsuli mmoja mwenye kalamu. Bila Rigby, bakshishi ya miezi ishirini ingeishia kwenye mchanga wa Konduchi.

Wamarekani weusi walilijua hili vizuri. Baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe kwisha mwaka 1865, George Pullman aliajiri weusi, wengi wao waliotoka utumwani, kuhudumia mabehewa yake ya kulala. Aliwapa mshahara mdogo makusudi, kilichobaki wakipate kwa tabasamu na kupiga viatu vya wasafiri rangi. Mwaka 1925 A. Philip Randolph akasimama nao wakaunda chama. Iliwachukua miaka kumi na miwili, mpaka 1937, kupata mkataba, na saa za kazi zikashuka kutoka kama 400 kwa mwezi hadi 240. Walitaka mshahara ambao hautegemei kama msafiri ameamka vizuri.

Na kwetu? Nendeni geti la Kilimanjaro siku wageni wanashuka. Wagumu wamejipanga, wanaimba, na kiongozi amepokea tipu ya wote. Je, inafika yote kwa aliyebeba? Kuna mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro ulioanza mwaka 2003, na moja ya kazi zake ni kuhakikisha mgawo unafanyika kwa uwazi. Zaidi ya miaka 140 baada ya Konduchi bado tunatafuta mtu wa kusimama kati ya mgeni na mpagazi.

Sisemi bakshishi ni haramu. Mshkaji wangu alijenga nyumba ya mama yake kwa dola za melini, na kuna abiria bado anamkumbuka kwa wema. Ninachosema ni kwamba zawadi inapoingizwa kwenye hesabu ya mshahara, si zawadi tena. Ni mshahara ambao mwajiri amewapa watu wengine kazi ya kuulipa, na amewaruhusu wakatae.

Basi nikampigia dogo. Nikamwambia aulize mambo manne na ajibiwe kwa maandishi. Bakshishi zikiondolewa, kampuni yenyewe inalipa kiasi gani? Abiria akifuta makato yake, hasara ni ya nani? Chungu kinagawanywa vipi, na je, kila mwezi atapewa karatasi ya kuonyesha mgawo? Na saa za kazi ni ngapi, maana Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 wa Shirika la Kazi Duniani, ulioanza kutumika Agosti 2013, unaweka ukomo wa saa 14 kwa siku na 72 kwa wiki.

Kuhusu hela ya faili nikamwambia hivi: mkataba huo huo unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Pasipoti, cheti cha afya na kitabu cha baharia vinaweza kuwa juu yako. Faili si lako.

Jana jioni akanipigia. Wakala amemjibu kwamba hayo ya bakshishi "mtaongea huko huko mkifika", na kuhusu faili akakata simu.

Dogo ameamua kutosaini. Amekasirika kidogo, na mimi nikajisikia vibaya kidogo, maana kazi hazipo na mimi ndiye niliyemtia maswali. Anatafuta wakala mwingine, maana bahari anaitaka bado. Nami namtakia aipate. Ila aende na karatasi inayosema nani anamlipa. Said bin Salim aliahidiwa kwa mdomo na mtu aliyefariki kabla msafara haujafika hata Zungomero.