Kushuka Marangu kwa Breki za Marehemu

Mtu yeyote aliyepata kushuka kutoka Marangu kuja Himo ndani ya gari dogo lililojaa abiria na mikungu ya ndizi anaijua harufu ninayotaka kuizungumzia leo. Si harufu ya petroli, wala si ya tairi linaloungua. Ni harufu kali, inashika kooni, na huanza kusikika wakati ule ule dereva anapoacha mazungumzo na kuanza kukanyaga pedali mara mbili mbili. Abiria wazoefu hapo hutazamana bila kusema neno. Breki zimechoka.

Historia ya magari katika nchi yetu, kwa kadiri ilivyoandikwa, ni historia ya kwenda: nani alikuwa na gari la kwanza, lipi lilikuwa na injini kubwa, nani alishinda mashindano. Historia ya kusimama haina mwandishi. Na kwa watu wa mlimani, kusimama ndiyo kazi yenyewe.

Tufanye hesabu kidogo. Mji wa Moshi upo mita 800 na ushei juu ya usawa wa bahari. Lango la hifadhi pale Marangu limepita mita 1,800. Gari la kilo 1,000 likishuka mita 1,000, nguvu inayopaswa kuzuiwa njiani yatosha kuchemsha lita zipatazo 29 za maji baridi, yaani karibu debe moja na nusu. Kweli, si joto lote hilo linaloingia kwenye breki, maana upepo, matairi na injini huchukua fungu lao. Lakini dereva anayeshuka akiwa ameweka gia huru ili aokoe petroli, na miaka ya foleni za petroli walikuwa wengi, amezinyima breki msaidizi wake mkubwa. Debe lote anataka lichemkie magurudumuni.

Sasa, magari madogo yaliyotufikia hayakuchorwa na mtu aliyekuwa akifikiria mteremko wa Marangu. Volkswagen, ile yenye mgongo kama wa kobe, ilianza maisha yake na breki za kuvutwa kwa waya, kama baiskeli. Zile za kuuzwa nje zilipata breki za mafuta mwaka 1950, lakini zilikuwa za dramu. Peugeot 404, gari ambalo wengi wetu tulilipanda kama teksi, lilitoka mwaka 1960 likiwa na dramu pande zote nne. Wakati huo mlima ulikuwa umekwisha kuwa na wateja. Chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, KNCU, kilikuwapo tangu mwaka 1933, na bei ya kahawa ilipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima walinunua mabati, walilipa karo, wakanunua malori, na wachache wao magari madogo.

Dramu ni kama sufuria iliyolazwa ubavu. Ndani yake mna breki shuu mbili zinazotanuka na kusugua ukuta wa sufuria. Ubaya wake ni kwamba joto limefungiwa ndani, na chuma kikipata joto hutanuka. Ukuta wa sufuria hukimbia shuu, pedali huzidi kwenda chini, na dereva naye huzidi kukanyaga. Diski ni kinyume chake: ni sahani iliyo wazi kwenye upepo, inayobanwa na pedi mbili kama unavyobana chapati kwa vidole. Ikipata moto hunenepa kuelekea kwenye pedi, haizikimbii.

Wazo hilo si jipya hata kidogo. Mwingereza Frederick Lanchester alilisajili mwaka 1902. Ila pedi zake zilikuwa za shaba na zilipiga kelele za kutisha, basi wazo likalala kwa nusu karne. Liliamka kwa kishindo mwaka 1953, pale Jaguar yenye breki za diski iliposhinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Ni mwaka huo huo yalipoanza mashindano yetu ya Safari, yaliyozunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth. Miaka miwili baadaye Citroën wakaziweka diski kwenye gari la kuuzwa madukani. Mini Cooper ilizipata mwaka 1961. Volkswagen wakaziweka mbele kwenye toleo lao la 1500 mwaka 1966, huku wakiendelea kuuza 1200 na 1300 zenye dramu kwa watu wa fedha ya kawaida. Na hapo ndipo fundi wa Moshi anapoingia katika historia hii.

Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa mji ulio umbali mdogo tu kutoka Holili, hilo halikuwa jambo la magazetini. Spea zilizokuwa zikitoka Nairobi na Mombasa sasa zilipita njia za panya, usiku, kichwani mwa mtu, na bei yake ilikuwa ya usiku vile vile. Gari jipya lilihitaji kibali, na kibali kilihitaji mtu. Basi yale yaliyokuwapo ndiyo yaliyogawana maisha. Gari lililopinduka likaachwa nyuma ya gereji juu ya mawe lilikuwa na warithi wengi kuliko marehemu aliyeacha kihamba: huyu anataka gia boksi, yule kioo, mwingine amelipia milango ya kushoto.

Mjomba wangu alikuwa na Volkswagen 1300 yenye dramu, naye alikuwa akipanda Marangu kila mwisho wa juma. Mwaka 1981 fundi wake alipata mzoga wa Volkswagen 1500. Injini yake ilikwisha chukuliwa, lakini miguu ya mbele ilikuwa mizima. Fundi alimweleza mjomba, kwa utulivu wa daktari, kwamba breki za diski za marehemu zingeweza kuingia kwenye gari lake bila kukata wala kuchomelea kitu. Na ilikuwa kweli. Magari hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja. Kilichotakiwa ni kwamba gari la mjomba liwe na mguu wa namna mpya, ulioanza mwaka 1965. La zamani zaidi lingekataa. Fundi alilijua hilo bila kitabu. Alihamisha mguu, habu, diski na kalipa, akabadilisha beringi, akatoa upepo kwenye mabomba huku kijana wake akipampu pedali.

Jambo moja lilituchekesha nyumbani kwa miaka. Magurudumu ya 1500 yalifungwa kwa boliti nne, na ya gari letu yalifungwa kwa tano. Basi gari likawa na nne mbele na tano nyuma, na mjomba akalazimika kubeba matairi mawili ya akiba, moja kwa kila upande wa familia.

Safari ya kwanza, kabla hatujafika Njia Panda ya Himo, gurudumu la mbele kushoto lilikuwa likitoa moshi. Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe. Hatukupata madhara, tulisimama kwa gia na handibreki kando ya mgomba, lakini mama yangu aliteremka na hakupanda tena siku ile. Alimalizia safari kwa lori la ndizi.

Kosa lilikuwa dogo na la kielimu, ndiyo maana nalisimulia. Breki za dramu zina springi kali zinazorudisha shuu nyuma, kwa hiyo kwenye masta silinda huwekwa kivalvu kidogo kinachobakiza shinikizo kiasi ndani ya mabomba, ili pedali isiwe na safari ndefu. Diski haina springi hizo. Ukiiachia shinikizo, hata kidogo, pedi zinabaki zimeng'ang'ania sahani, zinasugua safari nzima, na joto linazidi kuongeza shinikizo. Fundi alihamisha kila kitu cha marehemu isipokuwa masta silinda, kwa sababu ya marehemu ilikuwa imekwisha uzwa. Alipokitoa kivalvu kile, ambacho hakizidi ukucha wa kidole gumba, gari lilitulia. Mjomba aliliendesha hadi mwaka 1990, na halikutoa tena ile harufu.

Ninalieleza hili kwa kirefu kwa sababu watu wetu wana tabia mbili kuhusu kazi ya namna hii, na zote mbili hazinipendezi. Wapo wanaosema fundi wa chini ya mwembe ni mganga tu, anabahatisha. Wapo wanaosema ni gwiji aliyewashinda Wazungu. Kazi aliyoifanya fundi yule ni ile ile aliyoifanya mhandisi wa kiwandani: gari lile lile, chuma kile kile, miaka kumi na tano baadaye. Alichokosa ni karatasi moja inayoeleza kwa nini masta silinda za aina mbili hazilingani. Katika kazi ya breki, karatasi moja inaweza kuwa tofauti kati ya mtu kufika na mtu kuzikwa.

Na makosa mengine yalikuwapo, mabaya kuliko hilo. Kalipa hunywa mafuta mengi kuliko silinda ya dramu, na masta silinda ndogo haiyatoshelezi, hivyo pedali inafika chini kabla gari halijasimama. Kwenye magari mengine, kwa mfano Datsun 1200 na Corolla za miaka ya 1970, ambazo baadhi zilitoka kiwandani na dramu mbele na baadhi na diski, mtu aliweza kuchanganya ndugu kama alivyofanya fundi wetu. Lakini alipochanganya gari na gari lisilo nduguye, ulinganifu wa mbele na nyuma uliharibika. Nyuma ikishika kabla ya mbele, gari hugeuka na kutazama lilikotoka. Diski iliyokwisha chongwa mara mbili tatu huwa nyembamba, na nyembamba haibebi joto. Raba za marehemu ndizo hatari kuu: chuma kinaweza kuishi maisha mawili, raba ya breki haiwezi. Tena ilikuwa desturi kuziosha kwa petroli zing'ae, na petroli huzivimbisha na kuziua.

Mafuta ya breki yenyewe yalikuwa adimu. Nimeona kwa macho yangu maji ya sabuni yakitiwa mahali pake. Katika mji wa tambarare huenda yakakufikisha sokoni. Mlimani maji huchemka hata kabla ya kufika nyuzi 100, na maji yaliyochemka ndani ya bomba ni mvuke, na mvuke unabanwa kama puto. Mguu unazama, gari linakwenda. Hata mafuta halali hunyonya unyevu wa hewa: yale ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 205 yakiwa mapya, na karibu nyuzi 140 yakishalowa. Kwa hiyo yafaa kubadilishwa, si kuongezwa tu.

Tusisahau vumbi. Shuu na pedi za miaka ile zilikuwa na asbesto, na vijana wa gereji walilipuliza kwa mdomo, wakati mwingine wakiwa na kitumbua mkononi. Hatukujua. Sasa tunajua kwamba vumbi hilo hukaa mapafuni kwa miaka mingi kabla ya kudai deni lake.

Kutumia tena chuma cha kitu kilichokufa si uzushi wa enzi ya magari. Wahunzi wa Mamba, majirani wa Marangu, walikuwa wakifua mikuki na majembe kwa chuma kilichonunuliwa Ugweno, kule Upare Kaskazini. Misafara ya pwani ilipoleta nyaya za chuma, walizifua nyaya. Magari yalipokuja na kuharibika, springi zake ziligeuzwa visu na mapanga, na panga la springi bado linasifiwa hata leo. Tofauti ni hii: panga likivunjika, mwenye nalo anarudi kwa mhunzi kulalamika.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari liwe zima, na askari ana haki ya kulizuia lililo bovu. Lakini kwa miaka mingi ukaguzi wetu ulikuwa wa taa, honi na stika ya Nenda kwa Usalama. Breki hazionekani ukiwa umesimama dirishani kwa dereva.

Siku hizi barabara za mlimani zimejaa Noah na IST zilizotumika Japan, zenye diski mbele tangu kiwandani. Mizoga sasa huja kwa makontena, na fundi ana simu inayomwonyesha picha ya kila kipuri. Mteremko haujapungua hata mita moja. IST iliyobeba watu saba na magunia mawili bado inanuka ile ile ikifika Himo, na pedi za bei rahisi sokoni hazina asbesto pengine, lakini hazina uvumilivu pia.

Yule fundi wa mjomba aliendelea na kazi hadi macho yalipomshinda. Baada ya kosa la kivalvu aliweka utaratibu wake: gari lolote alilolibadilishia breki alilipandisha yeye mwenyewe hadi Marangu, mwenye gari akiwa ameketi kando, kisha wakashuka. Malipo yalipokelewa Himo.