Posta ya Wadachi Mjini Lamu

Msomaji, neno "kituo" humkumbusha mtu wa bara reli, na watu waliokaa juu ya mizigo yao wakingojea gari la moshi. Visiwa vya Lamu havikupata kusikia mlio wa gari hilo. Hata hivyo, katika mji wa Lamu, kando ya njia kuu iitwayo Usita wa Mui, ipo nyumba ya mawe iliyokuwa kituo cha safari ya namna nyingine, yaani safari ya barua. Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walifungua posta humo tarehe 22 Novemba 1888, wakaifunga tarehe 31 Machi 1891. Umri wake haukutimia miaka mitatu. Kwa nini kituo kizaliwe na kufa upesi namna hiyo? Yafaa tulifuate swali hili, kwa maana jibu lake halimo katika mifuko ya barua peke yake.

Usidhani kwamba watu wa Lamu hawakujua kupelekeana habari kabla ya Wadachi. Kwa karne nyingi kaskazi ilileta vyombo kutoka Arabuni, na kusi ikavirudisha kwao. Nahodha aliyepakia boriti, pembe na nafaka alichukua pia nyaraka zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, akazitia mikononi mwa wenyewe. Posta hiyo haikuwa na stampu. Dhamana yake ilikuwa uaminifu wa nahodha, na saa yake ilikuwa upepo.

Sababu iliyowaleta Wadachi ilikuwa Witu, nchi iliyo bara, ng'ambo ya visiwa. Huko alitawala Sultani Ahmed, aliyeitwa Simba, wa ukoo wa Nabahani uliotawala Pate hapo kale. Alikuwa amehama visiwani kwa kukataa enzi ya Sultani wa Unguja. Lakini dau la mnyonge haliendi joshi, naye Simba akatafuta rafiki mwenye nguvu. Akawapata ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, waliokuwa wamekwisha kusafiri katika mto Tana mwaka 1878. Mwaka 1885 aliwapa sehemu ya ardhi yake, na mwezi wa Mei mwaka huo huo Ujerumani ikatangaza kuwa Witu i chini ya himaya yake.

Tazama sasa tatizo lililotokea. Mji wa Witu hauko pwani, na meli zilitia nanga Lamu. Nayo Lamu, kwa mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, ilihesabiwa kuwa mali ya Sultani wa Unguja. Basi Wadachi walifungua posta yao katika mji usiokuwa wao, kwa ajili ya nchi waliyodai kuwa yao. Ilikuwa posta ya kwanza ya Kijerumani katika Afrika ya Mashariki; Dar es Salaam na Bagamoyo zilipata zao mwaka 1890. Barua iliyotiwa hapo ilibandikwa stampu zile zile zilizotumika Berlin, ikapigwa muhuri wenye jina la Lamu, ikapakiwa melini kuelekea Ulaya. Barua haikutegemea tena ahadi ya nahodha anayejulikana, bali ahadi ya dola iliyo mbali.

Ahadi hiyo ndiyo iliyovunjika. Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani na Uingereza zilitia sahihi mkataba mjini Berlin. Ujerumani iliiacha Witu na kukubali ulinzi wa Waingereza juu ya Unguja. Nayo ikapewa Heligoland, kisiwa kidogo cha bahari ya kaskazini ya Ulaya. Simba alikuwa amekwisha kufa, na Fumo Bakari ndiye aliyekuwa Sultani. Nchi yake ilitolewa kama kitu cha sokoni, naye hakushirikishwa katika bei. Mwezi wa Septemba Mjerumani mmoja, Andreas Küntzel, na wenzake waliuawa huko Witu. Mwezi wa Oktoba Admirali Fremantle wa Uingereza akaja na askari wake, mji wa Witu ukateketezwa kwa moto, na Fumo Bakari akakimbia. Posta ya Lamu ilibaki wazi miezi michache zaidi, lakini kazi iliyoileta ilikuwa imekwisha. Milango ikafungwa.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1896, Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa, ikafika katika ziwa Victoria mwaka 1901. Biashara hufuata njia iliyo nyepesi. Ikaifuata reli, na Mombasa ikanenepa ilhali Lamu ikakonda. Hapo tena shauri halikukatwa Lamu.

Mwaka 1996 nyumba ile ya posta ilifanywa makumbusho. Tena, mwaka 2021 gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu ilifunguliwa upande wa bara, katika mpango mkubwa uliozinduliwa mwaka 2012, ambao reli imo ndani yake.

Msomaji, kituo si kuta wala mlango. Kituo ni mapatano baina ya watu kwamba kitu kitakachotoka hapa kitapokewa kule. Nahodha wa Lamu aliyafanya mapatano hayo na watu aliowajua, yakadumu karne nyingi. Dola zikayafanya juu ya vichwa vya wenyeji, yakadumu miezi ishirini na minane. Kwa hiyo ukisikia kwamba njia mpya itafunguliwa kwenu, iwe ya reli, ya meli au ya habari, ifurahie, lakini usiache kuuliza maswali mawili: nani aliyeitaka, na siku ya kuifunga ni nani atakayeulizwa?