Boma na Tembe: Majengo ya Kale ya Kilimatinde

Nyumba ni shahidi wa mambo yaliyopita, lakini si kila nyumba hudumu hata ikatoa ushahidi wake. Iliyojengwa kwa mawe husimama miaka mingi baada ya mwenyewe kufa. Iliyojengwa kwa udongo hurudi udongoni, na habari zake hupotea pamoja nayo. Tofauti hii yafaa kufikiriwa na kila azuruye Kilimatinde, mji mdogo wa Wilaya ya Manyoni, Mkoa wa Singida, uliokaa ukingoni mwa Bonde la Ufa, juu ya mbuga za Bahi.

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo. Nguo, shanga na masango vilipelekwa bara. Pembe za ndovu na watumwa waliteremshwa pwani. Ugogo ni nchi ya mvua chache, na watemi wake walijua thamani ya visima vyao: kila msafara ulitozwa hongo kabla ya kuruhusiwa kupita. Ng'ambo ya Ugogo, upande wa magharibi, lilianza pori la Mgunda Mkali, ambalo wapagazi waliliogopa kwa kiu na njaa yake. Kwa hiyo vijiji vya mpakani vilikuwa mahali pa kununua nafaka, kujaza vibuyu na kupumzisha mabega.

Nafaka hiyo ilitoka katika tembe. Tembe ni nyumba ya Wagogo yenye kuta za miti na udongo, na paa tambarare la boriti, fito na udongo ulioshindiliwa. Vyumba huzunguka ua, na ng'ombe hulala ndani ya ua huo usiku. Juu ya paa mavuno huanikwa. Ni nyumba fupi, isiyoshindana na upepo wa nchi ya wazi, na vifaa vyake vyote hupatikana karibu. Mgeni aliyezoea majumba marefu huweza kuidharau. Lakini bila ya akiba iliyowekwa ndani yake, misafara isingalivuka Mgunda Mkali.

Wajerumani walipoitawala nchi waliliona jambo hilo hilo: aliyeshika mlango wa pori ameshika njia. Katika miaka ya 1890 waliweka Kilimatinde kituo cha askari, wakajenga boma. Kutoka mabomani amri zilitolewa, na kuanzia 1898 ikatozwa kodi ya nyumba. Hivyo tembe, iliyokuwa ikiwalisha wapitao, sasa ilihesabiwa ili mwenyewe alipe kwa kuishi ndani yake.

Lakini nguvu ya boma nayo haikudumu. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Ilipanda ukingo wa bonde kwa njia ya Saranda na Manyoni, ikaiacha Kilimatinde kando. Mwishoni mwa Julai 1916 majeshi ya Uingereza yakauteka mji, na baadaye makao ya wilaya yakawa Manyoni. Vita viliondoka na ng'ombe, nafaka na vijana waliochukuliwa upagazi. Mvua nazo zikakosa, na kuanzia 1917 hadi 1920 Ugogo ikapatwa na njaa kuu iitwayo Mtunya. Kwa walioishi katika tembe zilizokuwa tupu, huo ndio mwaka wa kukumbukwa, si ule wa kubadilishwa kwa bendera.

Mwaka 2006 Tanzania iliitaja njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia, na Kilimatinde imo pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kwihara na Ujiji. Heshima hiyo ni ya haki. Hata hivyo, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda kwa umri wake jengo lililojengwa kabla ya mwaka maalumu. La baadaye halina budi kutangazwa na Waziri. Boma laweza kutangazwa. Tembe je? Tembe hukarabatiwa kila mara, udongo mpya juu ya wa zamani, na kwa hesabu ya miaka haizeeki kamwe. Ukongwe wake umo katika mikono ya wajuao kuijenga, na mikono hiyo inapungua.

Jambo hili si la Ugogo peke yake. Katika kisiwa cha Jamaica, wageni huzuru Rose Hall, jumba la bwana wa shamba la miwa la karne ya 18, lililotengenezwa upya katika miaka ya 1960; vibanda vya watumwa waliolima miwa hiyo havikudumu kama jumba. Lakini Kwihara, karibu na Tabora, tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 ilijengwa upya na kufanywa makumbusho. Basi tembe yaweza kuhifadhiwa, watu wakitaka. Ikiwa imehifadhiwa kwa ajili ya mgeni aliyelala humo miezi michache, yastahili zaidi kuhifadhiwa kwa ajili ya wenyeji waliozaliwa na kufa humo. Kilimatinde ikisimamisha tembe moja karibu na boma, na vijana wakafundishwa kuikandika, mzuru ataona vyote viwili: aliyetoza na aliyetozwa.