Redio ya Homa Bay: Sauti Iliyodumu Miaka Miwili



Mwezi wa Ramadhani redio haikai kimya nyumbani, au vipi? Mwezi umeandama ama haujaandama, tunauliza redio. Ikifika Magharibi tende iko mkononi na masikio yote yanangoja adhana. Basi tukiwa tunangoja, hebu tukumbushane habari ya redio moja ndogo ya humu humu Kenya ambayo vijana wengi hawajawahi kuisikia.

Mwezi wa Mei mwaka 1982, katika mji mdogo wa Homa Bay kando ya Ziwa Victoria, kilifunguliwa kituo cha redio cha FM. Waliokianzisha ni serikali ya Kenya pamoja na UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu na utamaduni. Wanaoandika historia ya utangazaji hukihesabu kuwa redio ya kwanza ya kijamii barani Afrika. Ndiyo, ya kwanza Afrika, na haikuwa Nairobi wala Mombasa!

Ili uone uzito wa jambo hilo, kumbuka redio ilivyokuwa. Utangazaji ulianza nchini mwaka 1928, kwa Kiingereza, kwa ajili ya walowezi. Baada ya uhuru, mwaka 1964, ukawa mali ya serikali kwa jina la Sauti ya Kenya. Mpango wote ulikuwa kutoka juu kwenda chini: mkubwa anasema, mwananchi anasikiliza. Habari za mji wako, ya kwamba kisima kimeharibika ama kuna ugonjwa unaenea, ulizipata kwa radio mbao, na radio mbao tunaijua, chumvi haikosi. Homa Bay iligeuza mambo. Watu walisikia mambo yao wenyewe, kwa Kidholuo, lugha ya nyumbani.

Na gharama? Vifaa havikufika dola 25,000 za Marekani. Shabaha mojawapo ilikuwa hiyo hasa, kuonyesha kwamba mji mdogo katika nchi maskini unaweza kuwa na redio yake kwa mtambo rahisi. Hilo lilithibitika.

Lakini mwaka 1984 serikali ikakifunga. Miaka miwili tu, basi.

Angalia hali ya wakati ule, ndugu yangu. Juni 1982, mwezi mmoja tu baada ya kituo kufunguliwa, katiba ilibadilishwa Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. Kisha Jumapili ya tarehe 1 Agosti, wanajeshi wa Jeshi la Anga wakajaribu kupindua serikali, na mahali walipokimbilia ni studio za Sauti ya Kenya, wakatangaza kwamba wameshika nchi. Jaribio lilizimwa, ila baada ya hapo maikrofoni ilikuwa kitu cha kuogopwa. Redio ya mashambani inayozungumza lugha ya mama ingepata wapi mtetezi?

Mimi naona udhaifu ulikuwa mwanzoni kabisa. Wenyeji walipewa redio, hawakupewa funguo. Kibali kilikuwa cha serikali, fedha za wafadhili, na aliyefungua ndiye aliyefunga. Vijana wenzangu mnaokaa vikao vya kutaka redio ya mji wenu, mara nyingi mazungumzo huanza na bei ya mtambo. Jamani, mtambo ndio sehemu nyepesi. Ulizeni kwanza leseni itaandikwa kwa jina la nani, na mfadhili akiondoka nani atalipa stima.

Baada ya Homa Bay palipita karibu miaka ishirini. Mwaka 2004 redio ya Mang'elete ikaanza kusikika kule Ukambani, na wenyewe walikuwa ni vikundi vya akina mama wa vijijini. Mwaka 2006 vijana wa Korogocho, Nairobi, wakaanzisha Koch FM, studio yao ikiwa ndani ya kontena. Sheria ndiyo iliyochelewa: hadi marekebisho yaliyoanza kutumika Januari 2009 ndipo redio za kijamii zilipotambuliwa rasmi kama aina yao peke yake, mbali na za serikali na za biashara. Kutoka siku Homa Bay ilipofungwa, hiyo ni takriban miaka 25.